Lebo ni Nusu ya Mfupa

Mfupa uliogeuka jiwe ukiugusa kwa ncha ya ulimi, unanata. Jiwe la kawaida halinati. Ndicho kipimo cha haraka cha watafuta visukuku kule Napak na Moroto, milima ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, jua likiwa utosini na maabara ikiwa mbali: unaokota, unapangusa vumbi, unalamba, unajua. Mara ya kwanza nilipojaribu nilicheka. Kisha nikaambiwa kwamba nilichokilamba ni kipande cha ubavu wa mnyama aliyekufa miaka milioni 20 hivi iliyopita, enzi Napak ikiwa bado volkano inayomwaga majivu, na kicheko kikaisha chenyewe.

Ulimi, lakini, hausemi mfupa umetoka tabaka gani. Mwenyeji wetu siku ile, kabla hajakitia kile kipande kwenye mfuko, alitoa kalamu akaandika kwenye kijikaratasi: tarehe, korongo, tabaka, nani ameokota. Aliandika polepole kwa herufi kubwa, kama mtu anayejaza hundi. Mimi nilishachoka na joto, nikamwuliza kama hayo yote ni lazima kwa kitu kisichozidi kidole gumba. Hakuinua macho. "Ukipoteza mfupa, bwana, umepoteza mfupa mmoja," alisema. "Ukipoteza karatasi, umebaki na jiwe."

Kauli hiyo hunirudia kila ninaposikia tunavyozungumza habari za sayansi hapa Uganda. Tangu enzi ya Korona, kusoma jenomu, yaani herufi zote za DNA ambazo kiumbe hurithi, kumekuwa habari ya mjini. Mkubwa akihutubia, jenomu. Mfadhili akija, jenomu. Mwanafunzi hodari ukimwuliza anataka kusomea nini, jenomu. Makumbusho tumewaachia watoto wa shule wanaoshuka kwenye basi na sare zao, wazunguke mbele ya ngoma, wapige picha, warudi Mukono kabla foleni haijashika. Kichwani mwetu makumbusho ni ya jana na maabara ni ya kesho.

Nadai mgawanyo huo ni wa uongo. Anayesoma jenomu ya bakteria na anayesugua fuvu kwa brashi wanafanya kazi moja, kila mmoja anamhitaji mwenzake, na wote wawili roho zao ziko mikononi mwa yule anayeandika kijikaratasi.

Nianze na Moroto, kwa sababu kisa chake ni kizuri na hakisimuliwi vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili, W. W. Bishop, mwanajiolojia aliyepata kuwa mkuu wa Makumbusho ya Uganda, na David Allbrook, mtaalamu wa anatomia wa Makerere, walitangaza sehemu ya uso na taya la juu la sokwe wa kale kutoka Moroto. Wataalamu waliofuata walimweka kwenye kapu la sokwe mwingine aliyekwisha kujulikana. Umri wake, kwa vipimo vya lava vya wakati huo, ulikadiriwa kuwa kama miaka milioni 14. Basi. Akakaa hivyo kwa miaka zaidi ya 30, akiitwa jina la mwenzake na umri si wake.

Mwaka 1997 watafiti, akiwemo Robert Kityo wa Makerere, walirudi kwenye mifupa na kwenye mlima. Waliipima lava upya, wakapata miaka zaidi ya milioni 20. Waliyatazama mabega na mapaja, wakaona huyu si yule. Wakampa jina lake, Morotopithecus bishopi, kwa heshima ya Bishop. Mwaka 2023 kundi lenye baadhi ya watafiti wale wale likarudi tena, safari hii likichunguza kaboni iliyomo kwenye meno ya wanyama waliozikwa pamoja naye, udongo wa kale, na chembe za silika zinazoachwa na majani. Jibu liliwashtua wengi: sokwe huyu wa miaka milioni 21 hakuishi kwenye msitu mnene wa matunda kama vitabu vilivyotufundisha. Aliishi kwenye miti iliyoachana, nyasi katikati, kiangazi kikali, na alikula majani ya miti. Ile hadithi kwamba mgongo wa kusimama wima ulianzia kwenye matawi, kwa mla matunda anayenyoosha mkono, ikapata mpinzani kutoka Karamoja.

Angalia kilichowezesha hayo yote. Mashine ya kupima kaboni haikuwako mikononi mwa Bishop. Hakuna aliyejua mwaka 1963 kwamba siku moja unga kidogo wa jino utasema mvua ilinyesha kiasi gani. Alichofanya Bishop, na waliomfuata, ni kuandika jino limetoka wapi, tabaka lipi, chini ya lava ipi. Kama wangeyatia meno yote kwenye ndoo moja kwa kuwa ni meno tu, mashine ya 2023 isingekuwa na la kuuliza.

Sasa nije kwa bakteria. Huyu hana mfupa wala jino, na akifa haachi kaburi. Kuna mawe ya Australia ya umri wa takriban miaka bilioni 3.5 yanayobeba matabaka yaliyojengwa na vijidudu, lakini ukiyatazama huwezi kusema ni nani aliyejenga na alikula nini. Kwa hiyo kwa muda mrefu historia ya viumbe hawa, ambao ndio wengi kuliko wote duniani, ilikuwa kama historia ya ukoo usio na wazee: watu wapo, masimulizi hakuna.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1977, Carl Woese, mwanabiolojia wa Marekani, alipowapanga viumbe kwa kulinganisha kipande cha jeni wanachokuwa nacho wote. Mwaka 1995 ikasomwa jenomu nzima ya bakteria kwa mara ya kwanza, ya Haemophilus influenzae, herufi milioni 1.83. Mwaka 1998 ikafuata ya kifua kikuu, milioni 4.4. Orodha hiyo leo ni ndefu, sina haja ya kuimaliza. Iliyonifanya nikae chini ni ya ukoma, iliyotoka mwaka 2001.

Wazee wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wanakijua kisiwa cha Bwama kwenye Ziwa Bunyonyi. Kuanzia 1931 Dakta Leonard Sharp aliweka pale makazi na hospitali ya wagonjwa wa ukoma, wakavushwa kwa mtumbwi mmoja mmoja. Wakati wote ule, na hata leo, hakuna mtu aliyeweza kumwotesha bakteria wa ukoma kwenye sahani ya maabara. Wa kifua kikuu anaota, kwa uvivu lakini anaota. Wa ukoma anakataa kata kata. Ni lazima umpandikize kwenye unyayo wa panya, au kwa mnyama wa Amerika aitwaye armadilo. Kwa nini? Jenomu ilijibu. Huyu ana herufi milioni 3.3, pungufu ya binamu yake kwa zaidi ya milioni moja, na ndani yake jeni zinazofanya kazi ni kama 1,600 tu. Nyingine kama 1,100 zimo, unazitambua kabisa, zinafanana na zile za kifua kikuu, lakini zimekufa. Herufi imeruka hapa, sentensi imekatika pale, nukta imewekwa katikati ya neno. Bakteria amesahau kujipikia.

Hii si ajabu ukiifikiria kiukoo. Mtu akihamia kwa mkwewe anayempikia asubuhi, mchana na jioni, sufuria zake zitashika kutu, na hakuna atakayelalamika. Bakteria aliyehamia ndani ya seli za mwanadamu anapata chakula tayari. Jeni ya kutengeneza chakula kile ikiharibika, haimdhuru. Haimdhuru yeye wala mwanawe. Uharibifu unarithiwa. Na kwa kuwa bakteria kwa tabia hufuta zaidi kuliko wanavyoongeza, polepole jeni mfu hupotea kabisa. Ukoma tumeukuta katikati ya safari: nyumba imebomoka lakini kuta bado zinaonekana.

Jeni mfu ni kisukuku. Ni kisukuku ndani ya kitu kilicho hai, na anayekisoma hufanya kile kile afanyacho mtu wa makumbusho mbele ya taya: anauliza kilikuwa cha kazi gani, na kiliachwa lini.

Mfano ulio bora zaidi ni wetu wenyewe, japo sisi wenyewe hatuuzungumzii. Buruli ni kaunti ya Nakasongola, kusini mwa Ziwa Kyoga. Miaka ya 1960 madaktari walikuta huko wagonjwa wengi wa kidonda fulani hata jina la mahali likawa jina la ugonjwa duniani kote. Kidonda cha Buruli huanza kama kivimbe kisichouma. Mtu anakipuuza, anaendelea kulima. Baadaye ngozi inapasuka na chini yake nyama imekwisha kuliwa mbali kuliko tundu linavyoonyesha. Kingo za kidonda zinaning'inia kama paa lisilo na nguzo. Na bado hakiumi kama ungetegemea ukikitazama. Sababu ni sumu ya bakteria huyo, mikolaktoni, inayoua seli na kuzima hisia na kinga mahali pale.

Bakteria mwenyewe, Mycobacterium ulcerans, alitambuliwa Australia mwaka 1948 na MacCallum na wenzake. Lakini miaka 50 kabla ya hapo, mwaka 1897, Dakta Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, alikuwa ameandika kuhusu vidonda ambavyo wataalamu wa leo wakisoma maelezo yake wanasema: ndicho hiki. Cook hakuwa na jina la kuviita. Aliandika alichokiona, akaweka mwaka. Hiyo ni lebo.

Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2007. Bakteria anayefanana naye zaidi ni Mycobacterium marinum, mkazi wa majini anayeumiza samaki, mwenye herufi milioni 6.6. Huyu wetu ana milioni 5.6 na jeni mfu 771. Chanzo cha uharibifu mkubwa kinaonekana kwa macho: kipande kifupi cha DNA chenye tabia ya kujinakili na kurukia mahali pengine kimejirudia zaidi ya mara 200 ndani ya jenomu, na kila kiliporukia katikati ya jeni, jeni ikafa. Juu ya hayo ana plasmidi, kile kipete cha DNA kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, yenye herufi 174,000. Humo ndimo ilimo mitambo ya kutengeneza mikolaktoni. Hakuirithi kwa mama. Aliokota njiani.

Kuna jeni moja kati ya zile mfu ninayoipenda peke yake. Ndugu wa majini ukimweka kwenye mwanga anageuka manjano. Anatengeneza rangi ya kujikinga na jua. Wa kidonda hageuki vizuri. Jeni mojawapo ya kazi hiyo anayo, lakini imewekewa nukta kabla ya wakati. Ukiwa mtu wa visukuku utaelewa hapo hapo: samaki wa pangoni aliyepoteza macho anasema amekaa gizani muda mrefu. Bakteria aliyepoteza rangi ya kujikinga na jua anasema vivyo hivyo. Aliondoka kwenye maji yenye mwanga akaenda kuishi kwenye kiza, penye oksijeni haba, huenda ndani au juu ya kiumbe fulani. Watafiti wamemtafuta huko miaka mingi: kwenye matope, konokono, wadudu wa majini, na kule Australia, kwenye mbu na kwenye posamu, mnyama wa huko anayebeba mtoto mfukoni. Jeni moja iliyokufa imewapa ramani ya kuanzia.

Mgonjwa aliyetoa bakteria wa jenomu ile hakutoka Buruli. Alitoka Ghana. Kazi ilifanywa na wanasayansi wa Australia na Ufaransa. Sisemi hili kwa kulalamika. Wagonjwa wengi wa sasa wako Afrika Magharibi, na ni haki wasome wa kwao. Lakini Uganda ilikuwa imetangulia. Kulikuwa na kundi la watafiti lililojiita Uganda Buruli Group, lililochapisha mwaka 1971 uchunguzi wa makini kuhusu wakimbizi wa Rwanda waliowekwa Kinyara, karibu na mto, wakaanza kuugua. Nani aliugua, anakaa wapi, tangu lini. Ukiulizwa leo bakteria wa Kinyara alikuwa wa tawi gani la ukoo, alikuwa tayari amepoteza jeni zipi, utahitaji sampuli ya wakati ule yenye karatasi yake. Maswali hayo hayawezi kujibiwa na mashine mpya iliyofika juzi Entebbe ikiwa bado na plastiki zake.

Hapa ndipo msomaji wangu wa upande wa maabara hunikatiza: visukuku vya jeni vinajitosheleza, havihitaji mifupa yenu ya vumbi. Si kweli, na nitaeleza kwa kutumia mbung'o.

Nimekulia Tororo, na mjomba wangu alikuwa mkamata mbung'o. Kituo cha utafiti wa malale na nagana, malale ya ng'ombe, pale Tororo, kile kilichoitwa EATRO enzi zile za ushirikiano wa Afrika Mashariki, kilimwajiri kijana, akazeeka nacho kikibadilishwa majina. Kazi yake ilikuwa kuzungukia mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi asubuhi, kuhesabu nzi, kutenganisha majike na madume, kuandika. Nilipokuwa mtoto aliwahi kunipasulia jike mmoja mwenye mimba kwenye kigae cheupe, akanionyesha funza mmoja, mweupe, mnene, amejaa tumbo zima. "Huyu hatagi mayai kama nzi wa chooni, mpwa wangu," aliniambia. "Huyu anazaa. Na ananyonyesha."

Alikuwa sahihi. Mbung'o jike hulea funza mmoja tumboni kwa siku tisa hivi na kumlisha maziwa ya tezi maalumu. Ndani ya maziwa hayo wamo bakteria, Wigglesworthia, anaowarithisha kwa mtoto. Mbung'o anakula damu tupu, na damu haina vitamini za kutosha za kundi B, bakteria humtengenezea. Ukiwaua bakteria kwa dawa, jike anakuwa tasa. Jenomu yake ilisomwa mwaka 2002: herufi 700,000 hivi, jeni kama 620. Amekonda mpaka mifupa, kwa kuwa ameishi ndani ya nzi tangu zamani sana. Pembeni yake anakaa mgeni wa juzi, Sodalis, ana herufi milioni 4.2 lakini karibu nusu tu ndiyo inayosema kitu; jeni mfu zinazidi 900. Kwenye tumbo la nzi mmoja unaona mwanzo wa safari na mwisho wake.

Lakini ninaposema "tangu zamani sana" na "wa juzi", ni miaka mingapi? Jenomu haijui. Jenomu inajua tofauti: hapa herufi 40 si sawa, pale 400. Kugeuza tofauti kuwa miaka unahitaji mahali pa kufunga kamba, na kamba hufungwa kwenye kisukuku cha mwenyeji, yaani mdudu anayeishi na bakteria huyo tumboni. Ikiwa bakteria hurithiwa kwa mama peke yake, basi siku koo mbili za wadudu zilipoachana, bakteria wao nao waliachana. Tafuta mdudu wa kale ndani ya jiwe, soma umri wa jiwe, gawanya. Mwaka 1993 mwanabiolojia Nancy Moran na wenzake walifanya hivyo kwa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, wakitumia visukuku vya vidukari vilivyokwisha kuhifadhiwa. Walipata kwamba ile jeni aliyoitumia Woese hubadilika kwa asilimia 1 hadi 2 kwa kila miaka milioni 50. Tarakimu hiyo imetumiwa tangu wakati huo kukadiria umri wa bakteria wengi, hata wasiowahi kumwona kidukari.

Na mbung'o? Visukuku vyake vilipatikana Florissant, jimbo la Colorado, Marekani, kwenye miamba ya umri wa miaka milioni 34 hivi. Mbung'o, Marekani! Mdudu tunayemwona wetu kwa uchungu, aliyeleta malale iliyoua watu zaidi ya robo milioni kando ya Ziwa Victoria kati ya 1900 na 1920, hata Wasoga wakahamishwa kwa nguvu kutoka ufukweni, aliwahi kuruka Colorado. Nzi wale waliokandamizwa kwenye jiwe laini wamekaa kwenye droo za makumbusho tangu kabla mtu yeyote hajajua DNA ina umbo gani.

Nikiri upande wangu una udhaifu. Saa hiyo ya herufi haitembei kwa mwendo mmoja. Bakteria waliofungiwa ndani ya wadudu hubadilika haraka kuliko wanaoishi nje, kwa hiyo kumpima wa nje kwa saa ya wa ndani kunaweza kukupoteza kwa mamilioni ya miaka. Na hesabu nzima inasimama juu ya sharti kwamba bakteria hakuwahi kuruka kwa mwenyeji mwingine. Wapo wanaodhani tumeziamini tarakimu hizi kupita kiasi, nami nakubaliana nao nusu. Lakini dawa ya saa mbovu ni kuipatia visukuku zaidi vya kuirekebishia, si kuvipuuza.

Richard Lenski, mwanabiolojia wa Marekani, alilielewa hili mapema, akaamua kujitengenezea visukuku. Februari 1988 alianza kukuza bakteria E. koli kwenye chupa 12, na kila vizazi 500 akagandisha sampuli kwenye friza. Wamepita vizazi zaidi ya 75,000 sasa. Karibu na kizazi cha 31,500 bakteria wa chupa moja walianza kula sitrati, chumvi ya asidi iliyomo kwenye limau, mbele ya oksijeni, jambo ambalo E. koli hajulikani kuliweza. Je, ilikuwa bahati ya siku moja au maandalizi ya muda mrefu? Zachary Blount, mtafiti wa maabara yake, alirudi kwenye friza, akafufua mababu wa vizazi mbalimbali, akawaacha wajaribu tena. Waliofanikiwa walitoka vizazi vya baadaye, baada ya 20,000. Kitu fulani kilikuwa kimeandaliwa kimyakimya. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu kila kichupa kwenye friza kilikuwa na namba na tarehe.

Friza ile na droo ya Moroto ni chombo kimoja. Kimoja kinahitaji umeme, kingine kinahitaji dawa ya mchwa.

Nimeona vyote viwili vikishindwa. Kuna stoo niliyofanya kibarua miezi mitatu, sitaitaja, ambako mchwa walipita kwenye sanduku la mbao wakala karatasi zote na kuacha mifupa. Mifupa ilikuwa salama salimini! Tuliitazama kama watu wanaotazama maiti asiye na kitambulisho. Mzee mmoja alijaribu kukumbuka ilitoka wapi, akasema Bukwa, kisha akasema hapana, labda Napak. Ikaandikwa "Mashariki". Na kuna maabara, nayo sitaitaja, ambako umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta haikuwa na dizeli, na Jumatatu friza lenye bakteria wa miaka kadhaa lilikuwa linanuka. Kijana aliyekusanya sampuli zile alikaa kwenye ngazi bila kusema. Kwenye kompyuta yake jedwali lilikuwa kamili: vijiji, tarehe, umri wa wagonjwa. Yeye alibaki na lebo bila mfupa, sisi tulibaki na mfupa bila lebo.

Kwa hiyo wanaponiuliza kama nchi maskini ina haki ya kutumia fedha kwa mambo ya sokwe wa kale, najibu kwamba swali limekaa vibaya. Mwaka 2011 serikali ilikuwa na mpango wa kubomoa jengo la Makumbusho ya Uganda pale Barabara ya Kira, Kampala, jengo la 1954 lililochorwa na Ernst May, ili pajengwe mnara wa biashara wa ghorofa 60. Watetezi wa urithi walipinga hadi mahakamani, na jengo bado limesimama. Hoja zilizotolewa wakati ule zilikuwa za utamaduni na utalii, nazo ni za kweli, lakini sikumsikia mtu akisema kwamba mle ndani kuna vipimo vya sayansi ya hali ya hewa ya kale na ya magonjwa ya kesho. Waganda wa zamani waliita makumbusho Enyumba ya Mayembe, nyumba ya pembe za mizimu. Walikuwa na hofu nayo, na kwa maoni yangu hofu ile ilikuwa na heshima ndani yake kuliko kupuuza kwetu.

Mwaka huo huo wa 2011 watafiti wa visukuku Martin Pickford na Brigitte Senut walipata Napak fuvu la sokwe wa miaka milioni 20, na mpango ukawa lipelekwe Paris kupigwa picha za eksirei kisha lirudishwe. Wapo walioona ni wizi. Mimi sina ugomvi na safari. Fuvu likisafiri na karatasi zake zote, nakala zikibaki Kampala, na kijana wa hapa akienda nalo ili ajifunze kuipiga ile picha, lisafiri. Vivyo hivyo DNA ya bakteria wetu. Ninachokikataa ni kijana huyo akirudi na shahada akakuta hakuna cheo kinachoitwa mtunza vielelezo chenye mshahara wa kulipia nyumba Ntinda, halafu anaenda kufanya kazi benki.

Cheo hicho kiwe kimoja kwa pande zote mbili. Mtu mmoja aweze Jumatatu kurekebisha lebo za meno ya Moroto na Jumanne kukagua namba za vichupa vya kifua kikuu, kwa utaratibu ule ule, kwenye daftari moja lenye nakala mahali pengine. Leo hata vyuoni kozi hizo mbili hazisalimiani.

Mwezi uliopita nilikwenda Tororo kumwomba mjomba daftari zake. Anazo tano, za jalada gumu, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli: namba ya mtego, mto, majike, madume, mvua au jua. Nilitaka kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa kabla mende hazijazimaliza. Alikubali, akakaa nami kwenye mkeka, miwani puani, akinifafanulia vifupisho. Tulipofika daftari la tatu tukakuta kurasa nne zenye siku na mwezi lakini hazina mwaka. Nilimwambia akisie, mjomba, tuandike tu kwa penseli, hata "karibu 1979".

Alizigeuza zile kurasa mbele na nyuma, akanusa, akaangalia wino.

"Mwaka siukumbuki," alisema. "Acha wazi."